Bega, Kamba na Mkono wa Chuma

Wahenga walisema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake ni kwamba mzigo usioubeba wewe mwenyewe huonekana mwepesi, hata ukiwa wa mawe. Methali hii aghalabu hutumiwa kwa huzuni na taabu za moyoni. Lakini leo, ewe msomaji, nataka tuichukue kwa maana yake ya nje kabisa: mzigo wa mchanga, kokoto, saruji na maji, upandao juu kwa nguvu za watu hata nyumba ikasimama. Nataka tuulize swali moja ambalo kila mjenzi ameulizwa tangu kale: Mzigo huu utainuliwa na nini? Swali ni dogo, walakini majibu yake yamejenga miji na kuvunja migongo.

Twende Riruta. Huu ni mtaa wa magharibi ya Nairobi, jirani na Kawangware, penye udongo mwekundu na nyumba zilizosongamana. Ukifuata Barabara ya Naivasha asubuhi, kisha ukaingia katika vichochoro, hutakosa kuona nyumba ya ghorofa inayopanda katikati ya nyumba mbili zilizokwisha kupanda. Siku ya kumwaga sakafu ya zege ndiyo siku ya kutazamwa. Mashine ya kuchanganyia zege hunguruma kando ya njia. Vibarua hujipanga safu juu ya ngazi za mbao. Na makarai hupita mkono kwa mkono, bega kwa bega, mpaka juu. Mwenye nyumba aliye na uwezo zaidi hukodi winchi: injini ndogo, kamba ya waya, na ndoo ipandayo na kushuka kando ya ukuta. Kazi huanza alfajiri wala haikatizwi, kwa sababu zege halimngoji mtu, likikauka limekauka.

Chukua kalamu tufanye hesabu. Tuseme sakafu ya ghorofa moja ina urefu wa mita 20, upana wa mita 10, na unene wa sentimita 15. Zege lake ni mita 30 za ujazo. Mita moja ya ujazo wa zege ina uzito wa karibu tani 2.4, kwa hiyo sakafu nzima ina uzito wa tani 72. Kama kila karai lina kilo 20, basi karai litapanda mara 3,600 kabla ya jua kuchwa. Na hiyo ni sakafu moja tu. Nyumba ya ghorofa tano hutaka kazi hiyo mara tano, na kila mara mzigo hupanda mbali zaidi kuliko mara iliyotangulia. Je, kanda hili bado ni la usufi?

Katika nchi nyingine kuna mashine iliyobuniwa kwa kazi kama hii, nayo huitwa telehandla. Ni gari lenye magurudumu manne makubwa na mkono mmoja wa chuma, ambao hurefuka na kufupika kama darubini ya nahodha, kipande kikitoka ndani ya kipande. Mwisho wa mkono huo hutiwa uma wa kuchukulia mizigo iliyopangwa, au ndoo ya kuzolea mchanga, au chombo cha kumwagia zege. Ziko kubwa zifikazo mita zaidi ya 15 kwenda juu. Lakini ziko pia ndogo, zilizofanywa makusudi kwa viwanja vidogo, ambazo kwa kawaida huinua tani 2 hadi 3 na kufika mita 4 hadi 6, huku upana wake ukiwa chini ya mita 2. Mashine kama hiyo ikichukua tani moja ya zege kwa safari, sakafu yetu ya tani 72 yataka safari 72. Linganisha 72 na 3,600, nawe utaona kwa nini mwenye kiwanja cha Riruta anaweza kuitamani.

Lakini kutamani si kuchagua. Ili tujue namna ya kuchagua, yatupasa kwanza kujua tulikotoka.

Kiswahili kina neno zuri sana, nalo ni nyenzo. Siku hizi twalitumia kwa kila kitu kimsaidiacho mtu katika kazi. Lakini zamani nyenzo zilikuwa ni magogo yatiwayo chini ya chombo kizito, au mti wa kukiinulia, ili watu wachache wasukume kile ambacho wengi wasingeweza kukibeba. Wajenzi wa pwani walizijua nyenzo zao na mipaka yake. Tazama nyumba za kale za mawe huko Lamu. Vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba, karibu mita 3 kwa upana na aghalabu pungufu. Sababu si uhaba wa mawe wala wa ardhi. Dari zao nzito za mawe na chokaa zilikaa juu ya boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa zaidi ya hiyo chini ya uzito kama ule. Wazee wale hawakutamani chumba kisha wakatafuta boriti. Walipima boriti kisha wakakata chumba. Hilo ndilo somo letu la kwanza, na tutalirudia.

Bara kulikuwa na mambo mengine. Kabla ya reli, karibu kila bidhaa iliyotoka Mombasa au Bagamoyo ilikwenda juu ya kichwa au bega la mpagazi. Mzigo wa kawaida ulikuwa ratili 60 au 70, yaani karibu kilo 30, mbali na mkeka na chakula chake mwenyewe. Wanyama wa kubeba hawakufaa katika sehemu nyingi za njia, kwa sababu mbung'o aliwaua. Nchi hii ya Dagoretti, ambayo Riruta ni sehemu yake, ilikuwa mahali pa misafara kupata chakula. Mwaka 1890 Kapteni Frederick Lugard, aliyekuwa akiitumikia Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alijenga ngome Dagoretti katika nchi ya Waiyaki wa Hinga. Na mizigo ya msafara wake ililetwa kwa miguu ya watu kutoka pwani, mwendo wa karibu kilomita 500.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901. Ungedhani kwamba siku hiyo bega lilipumzika. Halikupumzika. Gari moshi hubeba mzigo kwa kulala, kutoka mji hata mji. Haliuinui kutoka chini hata ghorofani. Mzigo ulioshushwa stesheni ulipokelewa na bega lile lile. Tena reli haikwenda kila mahali. Vita Kuu ya 1914 ilipoingia Afrika Mashariki, Waingereza waliwachukua wanaume kwa mamia ya maelfu, wengi wao kwa nguvu, wakawa wapagazi wa jeshi. Zaidi ya 40,000 walikufa, wengi kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Jina la jeshi hilo la wapagazi, Carrier Corps, lilibaki katika midomo ya watu: ndilo Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Kila apitaye katika masoko hayo mawili hutaja, kwa kujua au kwa kutojua, jina la watu waliokufa chini ya mizigo.

Nairobi yenyewe ilianza kama kambi ya reli, mji wa mbao na mabati. Mawe yalikuja baadaye, na pamoja na mawe wakaja mafundi wengi kutoka Bara Hindi, na wengine waliojifunza kwao. Hata maneno ya kazi yaonyesha safari hiyo. Karai ni neno la Bara Hindi. Hamali ni la Uarabuni. Toroli na winchi ni ya Uingereza. Vyombo vimetoka pande zote za dunia, lakini mwishoni mwa safari ya kila chombo palikuwa na bega la mtu wa hapa, na bega hilo lilikuwa rahisi kwa bei.

Angalia neno hilo, rahisi, kwa maana ndani yake imo sababu kubwa ya historia hii. Si kwamba watu wa Afrika Mashariki hawakuwa na akili ya mashine. Ni kwamba wenye mali, tangu enzi za misafara hata enzi za ukoloni na baada yake, walipata bega kwa bei ndogo mno hata hawakuona haja ya kununua chuma. Pale ambapo kazi ya mtu hulipwa vizuri, mwenye mali hutafuta mashine haraka. Pale ambapo hulipwa kidogo, mashine husubiri.

Ili kuthibitisha neno hili, tazama mashine zenyewe zilikotoka. Elimu ya kuinua ni ya kale. Vitruvius, Mrumi aliyeishi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, aliandika habari za mitambo ya kamba na kapi. Katika karne ya 17 Mfaransa Blaise Pascal alieleza kwamba ukikandamiza maji yaliyofungwa chomboni, nguvu huenea sawasawa kila upande. Mwingereza Joseph Bramah akaitumia kanuni hiyo mwaka 1795 kufanya shinikizo la maji: nguvu ndogo juu ya bomba jembamba huwa nguvu kubwa katika bomba pana. Mwaka 1846 William Armstrong wa Newcastle akainua mizigo ya bandari kwa mtambo wa nguvu hiyo hiyo. Mkono wa telehandla, ukiuona ukipanda, ni kanuni ya Pascal inayotembea. Ila mafuta yamechukua mahali pa maji.

Basi elimu ilikuwapo. Kilichokosekana ni sababu ya kuipeleka katika viwanja vidogo, na sababu hiyo ilikuja baada ya Vita vya Pili. Ulaya ilikuwa magofu. Wanaume wengi walikuwa wamekufa. Nyumba zilitakiwa kwa maelfu, na ujira ulikuwa ukipanda. Mwaka 1949 Mjerumani Hans Liebherr alitengeneza winchi ya mnara iliyoweza kuchukuliwa kwa urahisi na kusimamishwa kiwanjani. Mwaka 1958 Marcel Braud wa Ancenis, Ufaransa, aliligeuza trekta, akaweka uma wa kuinulia mahali palipokuwa nyuma yake, ikawa mashine ya kuchukua mizigo katika matope. Huo ndio mwanzo wa mashine za Manitou. Wengine wakajaribu kuutia uma huo mwisho wa mkono unaorefuka. Mwaka 1977 kampuni ya JCB ya Uingereza, iliyoanzishwa na Joseph Cyril Bamford mwaka 1945, ilitoa telehandla yake kwa jina la Loadall, nayo ikaenea katika ujenzi na mashambani. Wakati huo matofali ya Uingereza yalikuwa yakipangwa juu ya vibao, tayari kwa uma. Mashine ilikuta mzigo umekwisha kuandaliwa. Neno hili la vibao ulikumbuke, kwa maana tutalihitaji tukirudi Riruta.

Na sasa turudi. Waswahili husema mchagua jembe si mkulima, yaani mvivu hukawia akichagua chombo huku wenzake wakilima. Ni maneno ya hekima. Lakini jembe ni jepesi, nalo likiwa baya utapoteza asubuhi moja. Mashine ya tani kadhaa si jembe. Hapa asiyechagua ndiye mvivu, na uvivu wake huweza kumuua mtu mwingine. Mambo matano yapasa kupimwa.

La kwanza ni njia, na njia ya Riruta ilipimwa na historia. Katika miaka ya 1950, chini ya mpango wa mwaka 1954 ulioitwa kwa jina la Swynnerton, vipande vya mashamba ya Wakikuyu vilivyotawanyika viliunganishwa na kuandikishwa kwa majina ya wenyewe. Wakati wa uhuru mpaka wa Nairobi ulipanuliwa, na Dagoretti, iliyokuwa ya Kiambu, ikaingizwa mjini. Hivyo mji uliwakuta watu wakiwa na hati za mashamba mikononi. Baba alipokufa wana waligawana, waliogawana waliuza, na shamba likawa viwanja. Wengi hupima kiwanja kwa futi 50 kwa 100, yaani mita 15 kwa 30 hivi, na viko vidogo zaidi. Njia iliyoachwa kati yao ilikuwa ya watu na mikokoteni, wala si ya malori. Linganisha na Kibera: kule askari wa Kinubi walikalishwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20, lakini hawakupewa hati, kwa hiyo watu walijenga kwa udongo na mabati, na katika sehemu nyingi vichochoro ni vyembamba hata mkokoteni hukwama. Upana wa njia, ewe msomaji, si ajali. Ni sheria za ardhi za jana zilizoachwa chini kama nyayo. Mashine ya upana wa mita 1.8 haipiti katika njia ya mita 2 yenye kona. Na hata yenye magurudumu yanayogeuka yote manne yataka nafasi ya kuzunguka. Pima njia kabla ya kupima mashine.

La pili ni kimo. Mita 6 katika karatasi ya muuzaji si mita 6 juu ya ukuta. Sakafu ya ghorofa ya kwanza huwa kama mita 3 kutoka chini, na ya pili mita 6. Lakini mkono hauna budi kupita juu ya ukingo na mbao za zege, kisha ushuke. Kwa hiyo telehandla ndogo huhudumia ghorofa ya kwanza vizuri, ya pili kwa shida, na ya tatu haifiki kabisa. Anayetaka kujenga ghorofa tano akadhani kwamba mashine hii itamwondolea winchi, amedhani vibaya.

La tatu ni uzito, na hapa wengi huangamia. Mashine isemwayo kuinua kilo 2,500 huzinua mkono ukiwa umefupishwa. Ni mizani tu: magurudumu ya mbele ndiyo egemeo, mwili wa mashine ni uzani wa upande mmoja, na mzigo ni wa upande wa pili. Tuseme kwa mfano inashika kilo 2,500 mita 1 mbele ya egemeo. Mita 2 mbele itashika nusu yake, kilo 1,250. Na mita 3 mbele, kama kilo 830 tu. Kweli ni kali kuliko mfano wetu, kwa sababu mkono wenyewe una uzito. Ndiyo maana ndani ya chumba cha dereva pana jedwali lionyeshalo mzigo kwa kila kimo na kila umbali. Dereva asiyeweza kulisoma jedwali hilo si dereva wa mashine hiyo, hata kama ameendesha malori miaka 20. Nawe uliyechoshwa na somo la fizikia darasani, tambua kwamba sura moja ya kitabu chako ndiyo itenganishayo mashine iliyosimama na mashine iliyopinduka.

La nne ni ardhi na anga. Udongo mwekundu wa Riruta ukikauka ni mgumu. Masika ikinyesha, kuanzia Machi hadi Mei, huteleza kama sabuni. Kando ya kila nyumba mna mtaro, shimo la choo, au msingi uliofukiwa jana. Gurudumu moja likididimia, mashine huinama. Na mkono ulio juu huzidisha kila inchi ya kuinama kwake. Juu nako mna nyaya za umeme, nyingine zikipita karibu na kuta. Mkono wa chuma si lazima uuguse waya. Ukikaribia mno, umeme wa nguvu nyingi huweza kuruka. Kisha hewa: Riruta iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na injini ya dizeli isiyosaidiwa kuvuta hewa hupungukiwa na nguvu penye hewa nyembamba. Mashine iliyofaa Mombasa yaweza kuchoka Dagoretti.

La tano ni mzigo wenyewe ulivyo. Hapa ndipo vile vibao vya Uingereza hurudi. Mawe ya kujengea Nairobi, mchanga na kokoto huletwa na lori na kumwagwa kando ya njia yakiwa chungu. Uma hauokoti chungu. Mwenye nyumba akikodi mashine yenye uma peke yake, atawalipa watu kuyapanga mawe juu ya vibao, kisha ailipe mashine kuinua kile ambacho watu walikuwa wamekwisha kukishika. Hana budi kukodi na ndoo ya mchanga na chombo cha zege, au kupatana na mwenye mawe ayalete yamepangwa. Chombo kipya hakifanyi kazi katika desturi ya kale mpaka desturi nayo ibadilike kidogo.

Baada ya kupima yote haya, shauri langu ni hili. Mwenye kiwanja kimoja cha Riruta asinunue telehandla. Itakaa siku nyingi bila kazi, na chuma kisicho na kazi hula fedha. Mwenye kiwanja kilicho kando ya barabara pana, ajengaye nyumba ya ghorofa moja au mbili, na akodi mashine ndogo kwa siku za mizigo mizito tu. Na majirani watatu wajengao kwa wakati mmoja wakodi pamoja. Kiwanja kilichofichwa ndani ya vichochoro, na nyumba yoyote ipandayo zaidi ya ghorofa mbili, ni vya winchi; lakini winchi iliyofungwa imara, yenye breki na kizuizi, na kamba isiyochakaa. Telehandla isichaguliwe kwa fahari, wala winchi kwa mazoea.

Hapa yamkini utaniuliza: Na wale vibarua? Ni swali la haki. Kila asubuhi watu husimama kando ya njia wakingoja kuitwa, na karai hilo zito ndilo unga wa jioni nyumbani kwao. Safari 3,600 zikiwa 72, si wote watakaopata kazi ya kuendesha, kufunga mizigo au kuongoza dereva kwa ishara. Asemaye kwamba mashine haimnyimi mtu riziki hasemi kweli yote. Lakini asemaye kwamba kwa hiyo mzigo ubaki begani, naye hasemi kweli yote. Maana mgongo uliovunjika haulishi mtu, na kibarua wa siku moja akiumia mara nyingi huenda nyumbani mikono mitupu.

Sheria zimejaribu kusimama kati ya mambo haya mawili. Kenya ilipata sheria ya viwanda mwaka 1950, kanuni za kazi za ujenzi mwaka 1984, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini mwaka 2007, ambayo hutaka vyombo vya kuinulia vikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipatana juu ya uzito wa mizigo ya mikono, likashauri kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55, na wanawake na vijana mizigo iliyo pungufu sana ya hiyo. Mfuko wa kawaida wa saruji katika Kenya una kilo 50. Kwa hesabu ya mfuko mmoja, sheria imetimizwa. Kwa hesabu ya mifuko 60 juu ya ngazi za mbao, mgongo una hesabu yake. Uingereza siku hizi mfuko kama huo huwa kilo 25. Tambua, basi, kwamba kupunguza mzigo nako ni nyenzo, wala hakuhitaji injini.

Kwa hiyo sisemi mashine ichukue kazi yote. Nasema ichukue kwanza ule uzito ambao haukupasa kuwa wa mtu: tani za zege kupanda juu, vyuma virefu, mawe kutoka njiani. Iwaachie watu kazi ya mkono na akili: kupanga jiwe, kupima ukuta, kulainisha sakafu, na faida ipatikanayo kwa haraka ya kazi, sehemu yake imfikie mtu wa karai katika ujira na mafunzo. Mwenye nyumba asiyelifikiri hili hajachagua mashine. Amebadili tu mgongo wa kuuegemea.

Ewe msomaji, huenda wewe utakuwa mjenzi, au mhandisi, au mwenye kiwanja, au dereva wa mkono huo wa chuma. Siku moja mtu atakuuliza lile swali la kale: Mzigo huu utainuliwa na nini? Kabla hujajibu, fanya kama wazee wa Lamu waliopima boriti kabla ya kukata chumba. Pima njia, kimo, uzito, ardhi na mzigo wenyewe. Kisha fanya jambo moja zaidi, ambalo halimo katika jedwali la mashine yoyote: inama, ulichukue karai moja lililojaa, upande nalo ghorofa mbili. Ukifika juu, pumzika, ndipo ujibu. Utakuwa umejua kwamba kanda lile si la usufi.